Jiwe, Simba na Goma: Mji wa Junagadh na Msitu wa Gir katika Historia

Mtu anayekwenda Junagadh, katika rasi ya Kathiawar iliyo magharibi ya Bara Hindi, aghalabu huenda kwa ajili ya simba. Mji wenyewe huwa kwake ni kituo cha kulala usiku mmoja kabla ya kushika njia ya Sasan, mwendo wa kilomita 60 hivi, ambako ndiko lango la msitu wa Gir, makao ya mwisho ya simba wa Asia. Akiwa na saa chache zisizo na kazi, hupelekwa kutazama jiwe la kale, ngome, makaburi ya watawala na ngazi za mlima Girnar. Jioni, akisha kurudi kutoka msituni, huenda akaonyeshwa ngoma ya watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Kisha huondoka. Vitu hivi vyote ameviona kimoja kimoja, mfano wa mtu apitaye mbele ya maduka, wala hapana aliyemwambia kwamba vina historia moja.

Nia ya makala haya ni kuvieleza kwa pamoja, tukiongozwa na swali moja: katika mji huu ni nini kilichohifadhiwa, nani alikihifadhi, na nini kiliachwa kikapotea? Swali hili latupasa sisi wanafunzi wa Kiswahili, maana miongoni mwa vilivyopotea hapo zimo lugha za watu waliotoka upande wetu wa bahari.

Tuanze na jiwe. Liko mashariki ya mji, kando ya njia iendayo mlimani, ndani ya nyumba iliyojengwa kulikinga na mvua. Jiwe hili moja limebeba maneno ya watawala watatu. Wa kwanza ni Ashoka, mfalme wa ukoo wa Maurya, ambaye katika karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Kristo aliamuru amri zake 14 zichongwe hapo. Amri ya kwanza yakataza kuchinja wanyama kwa kafara, na ndani yake mfalme akiri mambo ya jikoni kwake mwenyewe: zamani wanyama wasio na hesabu walichinjwa kila siku kwa ajili ya kitoweo chake, lakini sasa huchinjwa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku, na mwisho hata hao watatu wataachwa. Amri ya pili yasimulia matibabu ya watu na ya wanyama, kupandwa kwa mitishamba mahali isipokuwapo, na kuchimbwa kwa visima njiani. Basi mgeni aliyekuja kutafuta simba hukuta kwamba neno la kuwahurumia wanyama lilikuwa limekwisha chongwa katika nchi hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Wa pili ni Rudradaman, ambaye mnamo mwaka 150 baada ya Kristo aliandika kwa Kisanskriti habari za ziwa liitwalo Sudarshana. Ziwa hilo lilifanywa na binadamu. Boma lake la kuzuia maji lilijengwa katika zama za Chandragupta, babu yake Ashoka, na katika zama za Ashoka likatiwa mifereji. Ikaja tufani, mito ya Girnar ikafurika, boma likabomoka, na maji yote yakaenda zake. Rudradaman alilijenga upya, tena ajisifu kwamba hakuwatoza watu kodi wala hakuwashurutisha kufanya kazi, bali alitumia mali ya hazina yake. Wa tatu ni Skandagupta, wa ukoo wa Gupta: boma lilibomoka tena mwaka 455, na liwali wake akalitengeneza. Yaani kwa zaidi ya miaka 700 watawala mbalimbali, wa koo mbalimbali, walishughulikia ziwa moja, na kila mmoja aliona vema kuandika juu ya jiwe walilotumia wenzake.

Leo ziwa halipo, na yaliyobaki ni maneno. Nayo hayakubaki kwa sababu watu waliyajua, maana maandishi ya Brahmi yalisahauliwa kabisa. Vizazi kwa vizazi vya mahujaji walipita kando ya jiwe lile wasiweze kusoma hata herufi moja. Ilikuwa mwaka 1837 James Prinsep, ofisa wa nyumba ya kupigia sarafu huko Calcutta, alipoifumbua siri ya herufi hizo, na mwaka uliofuata akasoma nakala zilizotoka Girnar. Ndiyo kusema kwamba neno lililotiwa katika jiwe laweza kulala zaidi ya miaka elfu kisha likaamka. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalihitaji tutakapofika kwa watu ambao maneno yao hayakupata jiwe.

Jina la Junagadh maana yake ni ngome kuukuu, na ngome yenyewe ni Uparkot, iliyoinuka juu ya mji. Ndani yake mna mapango ya watawa wa Kibudha, na visima viwili vikubwa vilivyochimbwa kwa kukata mwamba, Adi Kadi na Navghan, ambavyo mtu huviteremkia kwa ngazi mpaka afike penye maji. Wafalme wa Chudasama waliitawala ngome hii mpaka mwaka 1472, ilipochukuliwa na Sultani Mahmud Begada wa Gujarat. Juu ya ukuta kuna mzinga mkubwa uitwao Neelam, uliosubiwa Misri mwaka 1531. Waturuki waliuleta kwa merikebu mpaka Diu mwaka 1538 walipokuja kupigana na Wareno, na baadaye ukachukuliwa hadi hapa.

Mzinga huo watuonyesha upande ambao mgeni wa simba huusahau, nao ni upande wa bahari. Junagadh si mji wa pwani, lakini Veraval na Diu haziko mbali nao, na bandari za Gujarat zilikuwa zikifanya biashara na pwani yetu kabla Mreno hajatokea. Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, ataja biashara ya watu wa Kambaya katika Malindi na Mombasa. Nguo na ushanga vilikuja na kaskazi. Pembe za ndovu na dhahabu ziliondoka na kusi. Na pamoja na pembe waliondoka watu.

Katika karne hiyo hiyo ya kushindwa kwa Chudasama, mji huu ulikuwa na mshairi mkubwa, Narsinh Mehta, ambaye wasomi wa Kigujarati humhesabu kuwa wa kwanza katika fasihi yao. Yasimuliwa kwamba Wabrahmani wenzake walimtenga kwa sababu alikwenda kuimba katika nyumba za watu waliodharauliwa. Nyimbo zake zilidumu vinywani mwa waimbaji, na mmojawapo ndio uliopendwa sana na Gandhi. Hapa pana njia ya pili ya kuhifadhi neno: lau hakuna jiwe, yatosha kuwe na watu waimbao na kuelewa wanachokiimba.

Nguvu za Sultani, na baada yake za Mughal, zilipokwisha, ukoo wa Babi ulijitwalia nchi mwaka 1748, na watawala wake wakaitwa Nawabu. Tangu mwaka 1807 walikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Kazi yao yaonekana mjini hata leo. Nawabu Mahabat Khan wa pili alianzisha bustani ya wanyama ya Sakkarbaug mwaka 1863, nayo ingali ikizalisha simba wa Gir. Kaburi lake lilianza kujengwa mwaka 1878, likamalizika mwaka 1892. Na kando yake limo kaburi la waziri Bahauddin, lenye minara minne ambayo ngazi zake zimezungushwa nje kama nyoka aliyejiviringisha juu ya mti.

Utawala huo uliishia katika mwaka wa uhuru wa Bara Hindi. Wakazi walio wengi walikuwa Wahindu, lakini Nawabu Mahabat Khan wa tatu alitangaza mwaka 1947 kwamba nchi yake yaingia Pakistan, ijapokuwa haikupakana nayo kwa ardhi. Kabla ya mwisho wa mwaka alikuwa amekwisha kimbilia Karachi, na tarehe 9 Novemba Serikali ya India ikashika mji. Watu walipigishwa kura tarehe 20 Februari 1948: zilipigwa kura 190,870, na 91 tu kati ya hizo zilitaka Pakistan. Hivyo Nawabu aliwapoteza raia wake wote kwa mara moja. Lakini alikuwa ameacha nyuma yake makundi mawili yaliyokuwa chini ya mkono wake kwa namna ya pekee, yaani simba wa msituni na Masidi wa nyumbani mwake.

Zamani simba walienea kutoka Bara Hindi ya kaskazini mpaka Uajemi na Shamu. Bunduki ziliwamaliza, nchi baada ya nchi, hata mwishoni mwa karne ya 19 hawakuwapo tena katika Bara Hindi ila Gir. Walisalia kwa sababu Nawabu aliuhesabu msitu kuwa milki yake, na uwindaji wa simba kuwa heshima aliyoigawa kwa wageni wakubwa tu. Mwaka 1900 alitazamiwa mgeni aliye mkubwa kuliko wote, Lord Curzon, aliyekuwa Makamu wa Mfalme. Ulikuwa mwaka wa njaa kali, na simba walikwisha pungua mno. Curzon alighairi kuwapiga risasi, akashauri wahifadhiwe. Na watawala wa Junagadh wakashika njia hiyo ya ulinzi.

Serikali ya India iliendeleza ulinzi huo. Gir ilifanywa hifadhi mwaka 1965, na sehemu yake ya ndani ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1975. Jumla ya eneo lake ni kilomita za mraba 1,412. Hesabu zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa: mwaka 1968 walikuwa 177, mwaka 1974 walikuwa 180, mwaka 2015 walikuwa 523, mwaka 2020 walikuwa 674, na mwaka 2025 walihesabiwa 891. Zaidi ya nusu ya hao 891 walikuwa nje ya Gir na viunga vyake: wengine katika msitu wa Girnar unaopakana na mji wenyewe, wengine katika mashamba yaliyo karibu na pwani. Ni wanyama wachache duniani waliofika mlangoni mwa mauti wakarudi kwa wingi namna hii, na watu wa Gujarat wana haki ya kujivuna.

Hata hivyo ulinzi una gharama zake, na yapasa kuuliza nani alizilipa. Ndani ya Gir waliishi Maldhari, maana yake wenye mifugo, katika vijiji vyao vya miiba viitwavyo nes, pamoja na nyati wao wa kufugwa. Simba walikula nyati hao miaka mingi, na Maldhari wakavumilia. Tangu mwaka 1972 familia nyingi ziliondolewa msituni zikapewa ardhi ya kulima nje, nao hawakuwa wakulima. Gharama nyingine ni ile ya kuweka mali yote katika kasha moja. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliingia katika simba wa Serengeti, huko kwetu Tanzania, ukaua thuluthi moja. Mwaka 2018 virusi vya ugonjwa huo huo vilionekana Gir, na zaidi ya simba 20 wakafa katika muda wa majuma machache. Mahakama Kuu ya India ilikuwa imekwisha amuru mwaka 2013 kwamba baadhi ya simba wahamishiwe Kuno, katika jimbo la Madhya Pradesh, ili msiba mmoja usiwamalize wote. Amri hiyo haikutimizwa; badala yake Kuno ilipokea duma kutoka Namibia mwaka 2022 na kutoka Afrika Kusini mwaka 2023.

Kabla ya kuondoka kwa simba, yafaa kuonya juu ya jina lake. Msomi wa Kiswahili asikiapo kwamba Kisanskriti humwita mnyama huyu simha, hushawishika kusema kwamba tulilipata jina letu kwa majahazi ya Gujarat. Dhana hiyo yapendeza, lakini si kweli. Shina la neno simba ni la Kibantu, nalo limefika mahali ambapo jahazi halikufika: Kizulu husema insimba, ingawa kwao ni mnyama mdogo ambaye sisi humwita kanu. Mfanano wa maneno hautoshi kuwa ushahidi wa udugu. Tunasema haya kwa kuwa sasa twakaribia mahali ambapo udugu ni wa kweli, na ambapo ushahidi wa maneno ni haba mno.

Kusini ya Sasan kuna kijiji cha Jambur, na wakazi wake ni Masidi. Wengi wa wataalamu husema jina hilo latokana na Kiarabu sayyidi, yaani bwana wangu. Nalo ni jina la ajabu kwa watu ambao wengi wa mababu zao waliuzwa. Walifika Gujarat kwa karne nyingi na kwa njia nyingi: wengine utumwani katika majahazi ya Waarabu na ya Wagujarati, wengine kwa Wareno walioshika Diu kuanzia mwaka 1535 na kuwaleta watu kutoka Msumbiji, wengine wakiwa mabaharia na askari. Nawabu wa Junagadh waliwaweka kuwa walinzi na watumishi wa nyumba zao. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya asili ya Masidi ni ya watu wa Afrika wasemao lugha za Kibantu.

Masidi wa Jambur ni Waislamu, na ziara yao kubwa ni kaburi la Nagarchi Pir, walii ambaye jina lake lenyewe lamaanisha mpiga nagara. Huko Ratanpur, karibu na Bharuch, wako mawalii wengine wa Kisidi, Bava Gor na ndugu zake Bava Habash na Mai Misra. Katika sherehe zao hupigwa ngoma kubwa iitwayo mugarman, na hutikiswa kayamba ya kifuu cha nazi iliyopewa jina la Mai Misra. Wachezaji hurusha nazi juu zikapasukia vichwani. Mchezo huo huitwa dhamal, na pia huitwa goma. Kwa neno hili hatuhitaji tahadhari tuliyoihitaji kwa simba. Ni ngoma, iliyopoteza sauti moja ya mwanzo baharini, ikabaki na maana zake.

Lakini ni nini kingine kilichobaki? Lugha ya Jambur ni Kigujarati. Watafiti waliorekodi nyimbo za Masidi katika karne ya 20 walikuta ndani yake maneno ambayo waimbaji wenyewe hawakujua maana yake, wakiyaimba kwa kuwa wazee waliyaimba. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Sindh, Richard Burton aliwakuta Masidi ambao bado walijua lugha waliyokuja nayo, akaorodhesha maneno yao katika kitabu chake cha mwaka 1851, nayo yakatambuliwa baadaye kuwa mengi ni ya Kiswahili. Orodha hiyo ilikuwa kazi ya mtu mpita njia, na leo ni hazina. Lau kila mtawala aliyekuwa na Masidi nyumbani mwake angemwamuru karani mmoja akae nao juma moja tu, tungejua leo ni lugha zipi zilizovuka bahari na zilidumu vizazi vingapi.

Linganisha basi mambo matatu ya mji huu. Neno la mfalme lilitiwa katika jiwe, likasahauliwa, likafufuliwa. Simba alitiwa katika sheria, akapungua, akaongezeka, na idadi yake yajulikana mpaka kichwa cha mwisho. Neno la Msidi halikutiwa katika kitu chochote ila mdundo na midomo ya waimbaji, na lilipokatika hapakuwa na aliyesikia. Nawabu huyo huyo aliyemlinda simba alikuwa na Msidi mlangoni pake kila siku. Hatusemi kwamba alikuwa na nia mbaya. Twasema kwamba simba alionekana kuwa kitu adimu, na lugha ya mtumishi haikuonekana kuwa kitu kabisa.

Wala tusidhani kwamba Masidi wenyewe ni masalio ya kutazamwa. Ni raia walio na mashamba, shule na madai yao. Mwaka 2023 Hirbai Lobi, mwanamke wa Jambur, alitunukiwa nishani ya Padma Shri kwa kazi aliyoifanya miaka mingi ya kuwainua wanawake wa jamii yake. Lakini katika mahoteli ya Sasan goma huchezwa jioni mbele ya wageni waliorejea kutoka kwa simba, na mgeni huondoka akidhani ameona vitu viwili vya Afrika kwa siku moja. Amekosea mara mbili: simba yule ni wa Asia tangu zamani za kale, na mchezaji yule ni Mhindi ambaye babu yake alitenganishwa na lugha yake.

Mwanafunzi wetu akijaliwa kufika Junagadh, na asome jiwe, apande Girnar kwa zile ngazi zikaribiazo 10,000, au kwa gari la kamba lililofunguliwa mwaka 2020, na aende kumwona simba kabla msitu haujafungwa kwa mvua katikati ya Juni. Lakini atenge siku moja, isiwe saa moja ya jioni, kwa ajili ya Jambur. Aende bila kamera kwanza. Awasalimu wazee, aketi, aombe ruhusa, na akiruhusiwa aandike neno kwa neno yale yasiyojulikana maana yaliyomo katika nyimbo, pamoja na jina la mwimbaji na la aliyemfundisha. Kisha ayalete kwetu, tuyapime kwa lugha za pwani, za Msumbiji na za bara, kwa tahadhari ile ile tuliyoipima simba na simha. Huenda mengi yasitambulikane. Huenda mawili au matatu yakatambulikana, na wazee wa Jambur wakaambiwa, kwa mara ya kwanza, kile ambacho wazee wao walikuwa wakikisema.